Yakobo Alipotuma Wajumbe kwa Ndugu Yake

Siku moja Bwana wetu Yezu Kristu aliwapa makutano mfano wa mfalme aliyekuwa akijiandaa kwa vita. Askari wake walikuwa elfu kumi, na mfalme aliyekuwa akija kupigana naye alikuwa na elfu ishirini. Bwana aliwaonyesha kwamba mfalme wa namna hiyo, kama ana akili, hukaa kwanza akahesabu nguvu zake. Na akiona hazitoshi, huwapeleka wajumbe mapema, adui angali njiani, wakatafute maneno ya amani.

Mfano huo umo katika sura ya kumi na nne ya Injili ya Mtakatifu Luka. Ni kweli kwamba Bwana hakuutoa ili awafundishe wafalme kazi yao. Aliutoa ili kila atakaye kumfuata ajue kwanza gharama ya kumfuata. Wakatekumeni hufundishwa hivyo, na ndivyo ilivyo. Lakini mwalimu mwema huchukua mfano wake katika jambo ambalo wasikilizaji wote wanalikubali. Na jambo walilolikubali wote siku ile ni hili: kumtumia adui wajumbe si woga wala si usaliti, bali ni kazi ya mfalme mwenye akili.

Leo katika vilima vya Masisi na katika misitu ya Walikale wako watu wasiolikubali tena jambo hilo. Wasikiapo katika redio kwamba wakubwa wa Kongo na wakubwa wa Rwanda wameketi meza moja, mioyo yao huchafuka. Mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, akaacha nyuma mbuzi, shamba la maharagwe na kaburi la mumewe, humwuliza katekista: Je, si dhambi kushikana mkono na mtu ambaye mkono wake una damu? Swali hilo si la kipumbavu, wala mwenye kuliuliza si mkristu mbaya. Aliyezika watu wake ana haki ya kuuliza, na yafaa ajibiwe polepole.

Jibu lianze mbali kidogo, kwa watoto wawili wa Isaka.

Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Rebeka alipokuwa na mimba ya mapacha, watoto walishindana tumboni mwake, naye akaambiwa na Mungu kwamba mataifa mawili yamo ndani yake. Basi Esau na Yakobo si ndugu wawili tu waliogombana. Ni mataifa mawili, Edomu na Israeli, yaliyozaliwa katika nyumba moja. Yakobo akamnyang'anya mwenzake baraka ya baba yao kwa hila. Esau akaapa kumwua. Yakobo akakimbia, akakaa ugenini miaka ishirini kwa mjomba wake Labani, akachunga kondoo, akaoa, akapata watoto na mali.

Kisha akataka kurudi. Lakini njia ya kurudi ilipita karibu na nchi ya Esau, na hasira ya Esau haikuwa imesahauliwa na mtu yeyote. Yakobo akafanya nini? Akatuma wajumbe mbele yake, akawafundisha maneno ya heshima: wamwite Esau bwana, nao wamwite Yakobo mtumishi. Wajumbe wakarudi na habari mbaya: Esau anakuja, na watu mia nne pamoja naye.

Hapo Yakobo aliogopa sana. Maandiko hayamfichi. Na katika hofu yake alifanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Akawagawa watu wake na wanyama wake katika makambi mawili, ili moja likipigwa, jingine lipate kuokoka. Maana yake hakuacha kujilinda kwa sababu alikuwa anatafuta amani. Akasali, akamkumbusha Mungu ahadi zake. Na tena akatuma wajumbe mara ya pili, safari hii pamoja na zawadi. Wafugaji wa Masisi watapenda kuijua hesabu yake: mbuzi majike mia mbili na mabeberu ishirini, kondoo majike mia mbili na madume ishirini, ngamia thelathini wenye kunyonyesha pamoja na watoto wao, ng'ombe arobaini na mafahali kumi, punda majike ishirini na madume kumi. Wachungaji waliamriwa waache nafasi kati ya kundi na kundi, ili Esau akutane na zawadi moja, kisha nyingine, kisha nyingine tena, na hasira yake ipoe kidogo kidogo njiani. Mzee yeyote aliyewahi kupatanisha koo mbili kwa sababu ya mahari au ya malisho atatambua hapo akili ya mtu anayejua kazi.

Usiku ule Yakobo alibaki peke yake, akashindana mweleka na mtu asiyemjua hata alfajiri, akapata baraka, na nyonga yake ikateguka. Asubuhi akaenda kumlaki ndugu yake akichechemea, akainama hata nchi mara saba. Na Esau, yule aliyeapa kumwua, akapiga mbio, akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Watu wengi huacha kusoma hapo, kwa kuwa panapendeza. Lakini yanayofuata yafaa sana kwa habari hii. Esau akasema twende pamoja. Yakobo akajibu kwa adabu kwamba watoto wake ni wachanga na wanyama wake wananyonyesha, hawawezi mwendo wa askari. Esau akataka kumwachia baadhi ya watu wake wamsindikize. Yakobo akakataa hilo pia. Kisha Esau akarudi Seiri, naye Yakobo akaenda Sukothi, kila mmoja nchini mwake. Hawakuhamia nyumba moja, wala Yakobo hakutaka askari wa Esau watembee kati ya watoto wake. Walipatana, na mpaka ukabaki mpaka.

Basi sasa nchi hizi mbili, Kongo na Rwanda. Zimeshindana kwa muda mrefu, na kila moja ina maneno yake ya kusema.

Rwanda husema: mwaka 1994, kwa muda wa siku kama mia, Watutsi waliuawa kimbari, watu laki nane au zaidi, na wengi wa wauaji wakavuka mpaka na silaha zao wakaingia Kivu, mabaki yao ndiyo yaliyozaa jeshi la FDLR, lililokaa miaka mingi katika misitu hiyo hiyo ya Masisi na Walikale. Kongo husema: majeshi ya Rwanda yalivuka mpaka mwaka 1996, yakavuka tena mwaka 1998, na wapelelezi wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba askari wa Rwanda walipigana pamoja na M23, hata tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio lake la 2773, liliitaka Rwanda iondoe majeshi yake na kuacha kuisaidia M23. Rwanda kwa upande wake imezoea kuyaita mambo hayo hatua za kujilinda. Kutaja malalamiko mawili si kusema kwamba yana uzito mmoja. Mizani hiyo ni ya mahakama hapa duniani, na ya Mungu siku ya mwisho. Lakini hakuna mjumbe atakayefika popote kama hajui mwenzake analalamikia nini.

Nao watu wa Masisi na Walikale wanajua kwamba uadui haukuja wote kutoka ng'ambo. Tangu mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, kwa ajili ya kazi za mashamba, bila kuwauliza wenyeji sana juu ya ardhi yao. Mbegu ya magomvi ya ardhi ilipandwa hapo. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na moto huo ukaenea Masisi, jirani akamchoma jirani. Wakati huo mauaji ya Rwanda ya 1994 hayajatokea bado. Hayo husemwa hapa kwa sababu mkristu aungamaye dhambi za jirani peke yake hajaungama.

Sasa, je, mazungumzo yamefaa kitu? Wako wanaojibu upesi: hapana, karatasi tupu. Yafaa kutazama.

Tarehe 10 Julai 1999 mataifa sita yalitia sahihi huko Lusaka kukomesha vita, na vita havikukoma upesi. Lakini tarehe 30 Julai 2002, huko Pretoria, Rais Joseph Kabila na Rais Paul Kagame walitia sahihi mapatano ya nchi mbili, na kufikia mwezi wa Oktoba mwaka ule Rwanda ilitangaza kwamba imewaondoa askari wake wote. Hakuna bunduki iliyowaondoa, na miaka minne ya vita ilikuwa haijafaulu kufanya hivyo. Tarehe 24 Februari 2013 mataifa kumi na moja yakaahidiana huko Addis Ababa kutoingiliana na kutosaidia waasi. Ahadi hiyo ilivunjwa. Mwezi wa Oktoba 2022 Kinshasa ikamfukuza balozi wa Rwanda. Kisha Rais João Lourenço wa Angola akafanya kazi kubwa ya upatanishi mjini Luanda. Marais wawili walipaswa kukutana huko tarehe 15 Desemba 2024, lakini mkutano ukavunjika kabla ya kuanza, kwa sababu hawakuafikiana kama serikali ya Kongo izungumze na M23 uso kwa uso au sivyo. Mwanzoni mwa Januari 2025 mji wa Masisi uliingiwa na M23. Tarehe 27 Januari askari wao wakaingia Goma. Mwezi uliofuata makambi ya wakimbizi kama Bulengo na Lushagala yakavunjwa, na watu waliotoka Masisi na mahema yao vichwani wakaambiwa warudi makwao, penye nyumba zilizochomwa.

Walikale wana ushuhuda wao wenyewe, nao unastahili kuangaliwa kwa makini. Tarehe 18 Machi 2025 Rais Félix Tshisekedi na Rais Kagame walikutana huko Doha mbele ya Emiri wa Qatar. Kesho yake, tarehe 19, M23 ikaingia Walikale. Watu wakasema: tazama faida ya mazungumzo! Na walikuwa na haki ya kusema hivyo siku ile. Lakini baada ya siku chache M23 ilitangaza kwamba itauacha mji huo ili kusaidia mazungumzo ya amani, na mwanzoni mwa Aprili ikatoka kweli. Mji ukarudi mikononi mwa serikali bila kupigwa mzinga. Katika vijiji vya mbali mapigano hayakwisha, hilo ni kweli. Lakini wenyeji wa Walikale waliorudi kutoka msituni na kukuta kanisa lao limesimama wanajua walichokiona.

Baadaye, tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi mbili walitia sahihi mkataba mjini Washington, Marekani: Kongo ilishike jambo la kuwamaliza nguvu FDLR, Rwanda iondoe hatua zake za kijeshi, kila nchi iheshimu mipaka ya mwenzake, na wakimbizi warudi kwa hiari yao. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakaenda huko kuuthibitisha. Na siku chache tu baadaye Uvira ikaingiwa na M23.

Ndipo lile neno la pili la wakatekumeni linapokuja: mikataba hii huvunjwa, basi ina faida gani?

Kitabu cha Mwanzo kina jibu, katika habari ya Yakobo na Labani mjomba wake. Hao wawili walikuwa wamedanganyana miaka ishirini. Walipoachana hawakuaminiana hata kidogo, nao walisema hivyo wazi. Basi wakakusanya mawe, wakafanya chungu, wakala chakula juu yake, wakamwita Mungu awe shahidi kwamba hakuna atakayelipita chungu lile kwenda kumdhuru mwenzake. Watu wanaoaminiana hawahitaji chungu la mawe. Mkataba ni kwa ajili ya wasioaminiana. Kwa hiyo ukivunjwa, kwanza hutazamwa ni jiwe gani lilikosekana. Katika mapatano ya nchi hizi jiwe lililokosekana mara nyingi ni moja: Kongo husema, ondoeni kwanza askari wenu, Rwanda husema, maliza kwanza FDLR, na kila mmoja hukaa akingoja neno hilo “kwanza” litimizwe na mwenzake. Mkataba wa Washington, kama mpango wa Luanda uliotangulia, ulitaka mambo hayo yaende pamoja, hatua kwa hatua, mbele ya mashahidi. Ni vigumu. Lakini mkulima wa Masisi ambaye mvua imeozesha maharagwe yake hasemi kwamba kupanda ni upumbavu. Hutazama kama alipanda mapema mno au kama mtaro ulikuwa haba, kisha hupanda tena, kwa sababu watoto watakula.

Neno la kwanza la mama yule bado halijajibiwa: damu je? Haki je?

Wakatekumeni wanafundishwa juu ya sakramenti ya Kitubio. Wanajua kwamba msamaha wa Mungu unadai majuto, maungamo na malipizi. Mkataba wa serikali mbili si Kitubio. Hauondoi dhambi ya mtu hata mmoja, wala hakuna waziri awezaye kumsamehe mwuaji kwa niaba ya mjane. Unachofanya mkataba ni kuizuia panga isishuke tena kesho. Kumzuia mwuaji asiue mtu wa pili si kumsamehe aliyemwua wa kwanza.

Tena haki yenyewe huhitaji utulivu. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi la wapiganaji huko Walikale, na ambaye watu wake walishiriki kuwatendea jeuri wanawake mia kadhaa wa sehemu za Luvungi mwaka 2010, alijitoa mwenyewe mwaka 2017. Mahakama ya kijeshi ikaketi Goma, wanawake wakasikilizwa, na tarehe 23 Novemba 2020 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa kesi ya namna hiyo yahitajika njia zinazopitika, mashahidi wasiowindwa, na mahakimu wanaolala usiku. Linganisha na Januari 2025: Goma ilipoingiwa kwa vita, gereza la Munzenze likavunjwa, wafungwa kwa maelfu wakatoroka, na wanawake wengi waliofungwa humo wakafa kwa moto. Vita haikumletea haki hata mwanamke mmoja wa mkoa huu. Iliwafungulia milango waliohukumiwa.

Kanisa limeijua kazi hii ya wajumbe kwa muda mrefu. Papa Yohane XXIII, katika barua yake kwa ulimwengu juu ya amani, iliyotolewa tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba magomvi ya mataifa yamalizwe kwa mazungumzo, si kwa silaha. Hilo laweza kuonekana neno la mtu aliye mbali na vita. Basi itazamwe habari ya Chile na Arjentina, nchi mbili za wakatoliki huko Amerika ya Kusini.

Nchi hizo ziligombania visiwa vitatu vidogo, Picton, Nueva na Lennox, kusini kabisa ambako baridi haivumiliki. Mahakama ilikuwa imeamua, Arjentina ikakataa hukumu. Mwezi wa Desemba 1978 manowari zilikuwa baharini, na askari wa pande zote mbili walikuwa wamesimama mpakani siku za Noeli zikikaribia. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye alikuwa na miezi miwili tu katika upapa, akamtuma Kardinali Antonio Samorè, mzee wa miaka sabini na mitatu. Akasafiri kwenda na kurudi kati ya miji miwili, Buenos Aires na Santiago, akiwasikiliza wakubwa waliokuwa hawataki kuonana. Tarehe 8 Januari 1979 wakatia sahihi huko Montevideo kwamba hawatatumia nguvu. Halafu ikaja kazi ndefu isiyo na sifa: miaka mitano na zaidi ya kubishana juu ya ramani. Kardinali mwenyewe alifariki Februari 1983, kabla hajaona mwisho. Mkataba ulitiwa sahihi Vatikani tarehe 29 Novemba 1984. Chile ilipata visiwa, Arjentina ikapata uhakika juu ya bahari yake. Wananchi wa Arjentina waliulizwa kwa kura kabla ya sahihi hiyo, na wengi sana wakakubali. Visiwa vyenyewe havikustahili maisha ya mtoto mmoja, lakini hilo huonekana rahisi baadaye tu.

Ufaransa na Ujerumani zilipigana mara tatu katika miaka sabini na mitano. Robert Schuman, mkatoliki aliyekulia mpakani na kujua lugha zote mbili, alisimama tarehe 9 Mei 1950 akiwa waziri wa Ufaransa, akatoa shauri kwamba makaa ya mawe na chuma, madini yale yale yaliyotengeneza mizinga, yawekwe chini ya usimamizi mmoja wa nchi zote mbili. Mwaka 2021 Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mheshimiwa, na hiyo ni hatua katika njia ya utakatifu. Watu wa Masisi wenye koltani ya Rubaya, na watu wa Walikale wenye bati ya Bisie, hawatashindwa kuona mfano huo unaelekea wapi. Wataona pia hatari yake: amani ambayo madini yanatoka na mchimbaji anabaki na koleo lake tu si ile aliyoitafuta Schuman. Wajumbe wa Kongo wana wajibu wa kulisema hilo mezani, na wananchi wana haki ya kuuliza kama limesemwa.

Wala si lazima kwenda Ulaya. Bwawa la umeme la Ruzizi ya pili lilijengwa na Kongo, Rwanda na Burundi kwa shirika, likaanza kazi mwaka 1989, na hata katika miaka ya vita umeme wake ulipita mipaka. Na kwenye mpaka wa Goma, mahali paitwapo Barrière Ndogo, wanawake wenye vikapu vya nyanya, maharagwe na jibini ya Masisi wamevuka kwa miaka mingi kwenda Gisenyi na kurudi jioni. Hao hawakuitwa wanasiasa wala mabalozi. Lakini kila aliyepima unga sawasawa upande wa pili amefanya kazi ya ubalozi.

Mwezi wa Februari 2025, Goma ikiwa imekwisha kuingiwa, maaskofu wakatoliki wa Kongo pamoja na wachungaji wa makanisa ya kiprotestanti walifanya kama Yakobo. Walimwendea Rais Tshisekedi Kinshasa. Wakaenda Goma wakaonana na Corneille Nangaa, mkuu wa kundi ambalo M23 imo ndani yake. Wakafika Kigali kwa Rais Kagame. Wengi waliwalaumu. Wengine waliwaita wasaliti. Hapo yafaa kukumbuka neno la wazee kwamba mjumbe hauawi: mababa walijua, kabla ya kuhubiriwa Injili, kwamba ukimwua mjumbe hakuna atakayekuja tena, na vita itakula mpaka mbegu za akiba.

Mkatekumeni wa kijijini hawezi kutia sahihi mkataba. Hata hivyo yuko katika jambo hili zaidi ya anavyodhani. Wakubwa huogopa kupatana wakijua kwamba watu wao watawazomea. Mjumbe anayerudi nyumbani kwa matusi hatumwi mara ya pili. Amri ya Tano inakataza kuua, na ya Nane inakataza ushuhuda wa uongo, na katika nchi hizi ya pili imekuwa mlango wa ya kwanza: habari ya uongo juu ya kabila fulani hupita katika simu jioni, na asubuhi nyumba zinawaka. Anayejiandaa kwa Ubatizo na kuipeleka habari asiyoijua ukweli wake amechimba njia mbele ya wajumbe. Sala ya Baba yetu, ambayo wakatekumeni hukabidhiwa kabla ya Pasaka, ina ombi moja lenye sharti ndani yake, na kila mtu anajua ni lipi. Katika maombi ya waamini siku ya Dominika yanaweza kutajwa majina ya nchi zote mbili, na wafu wa pande zote mbili. Mara ya kwanza itakuwa vigumu, na pengine wako watakaokaa kimya badala ya kuitikia. Katekista asiwakemee. Yakobo pia alishindana usiku kucha kabla ya kuvuka.

Tena mtu asidhani kwamba anadaiwa kusahau. Tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko alipokuwa Kinshasa, watu waliotoka mashariki walikuja kumsimulia mambo waliyotendewa. Walileta panga na visu vya namna ile iliyoua jamaa zao, wakaviweka chini ya msalaba, wakasema kwamba wanasamehe. Walisimulia yote kwanza, bila kuficha kitu, ndipo wakaweka chini.

Kuhusu Esau na Yakobo, Maandiko yana neno moja zaidi. Baada ya kuachana, kila mmoja Seiri na mwingine Kanaani, hawatajwi kuwa walitembeleana. Wazao wao waligombana tena katika karne zilizofuata. Lakini Isaka baba yao alipokufa, mzee, ameshiba siku, yule aliyenyang'anywa na yule aliyenyang'anya walikuja wote wawili, wakamzika pamoja.